Kanga Juu ya Kioo

Watu wa Mlingotini walikwisha kumzoea Mzee Twalib. Akikwambia alivua papa, gawa kwa nne. Akikwambia alimvua kwa mkono mtupu, gawa kwa nne tena. Kinachobaki ni dagaa, lakini dagaa wa kweli. Miaka thelathini alikuwa mtunza stoo pale chuo cha uvuvi cha Mbegani, na tangu astaafu ile stoo ilizidi kukua mdomoni mwake, mpaka ikafika siku akasimulia jinsi alivyotengeneza rada ya meli ya wageni kwa uma wa kulia wali, nahodha akalia machozi. Watu walicheka, wakamwongezea kahawa. Hakuna aliyedhurika.

Kompyuta alijifunza mwenyewe, uzeeni, kwa kuiharibu yake mara sita. Hilo lilikuwa kweli tupu, nalo ndilo ambalo hakulisimulia kamwe.

Sasa jirani yake Sihaba, mtengeneza video za harusi, alikuwa na kompyuta ya mezani aliyoitia mfumo wa Linux baada ya virusi kumlia harusi nzima ya watu wa Kiwangwa. Virusi vikaisha, ila picha zikawa nzito. Bibi harusi akitembea kwenye kioo alikwama kila hatua kama aliyekanyaga gundi. Ndipo Najim, kijana mwenye kibanda cha vipuri vya kompyuta Bagamoyo mjini, akamletea kadi ya picha iliyotumika, akaichomeka, akasema, "Shangazi, hii inataka draiva, programu ya kuiendesha, ya kampuni yenyewe. Usiiguse kwanza. Nitakuja Jumamosi niiweke."

"Jumamosi!" Twalib alisema aliposikia. "Na video ya watu inatakiwa Alhamisi? Mwanangu, mimi draiva hizo nimeziweka nikiwa nimefumba macho."

Jumanne asubuhi akaja. Kwapani karatasi mbili za maelekezo alizochapishiwa steshenari. Begani kanga ya mkewe Wahida. Miwani aliiacha nyumbani kwa makusudi, maana kwa hesabu zake fundi mwenye miwani ni nusu fundi.

"Ami, kwani hii draiva ya kampuni ina nini kisichokuwemo kwenye ile iliyokuja na Linux?" Sihaba aliuliza.

"Ile ni pilau ya shughuli. Sufuria iko uani, kila mtu anaona kilichotiwa. Hii ni dawa ya mganga. Imefungwa. Ukiambiwa meza, unameza."

Kazi ikaenda vizuri. Katikati mashine ikamtaka atunge neno la siri; Twalib akamwambia Sihaba atazame ukutani, akaandika taratibu kwa kidole kimoja. Ikabaki kuizima na kuiwasha. Hapo akaitanua kanga na kukifunika kioo chote.

"Unafunika nini tena, ami?"

"Mwali hatoki ndani kichwa wazi. Kitu kipya kina macho ya watu. Acha kiwake kwa stara."

Akasoma Kulhuwallah tatu, akangoja mashine iache kunguruma, akaifunua kanga kama anayefungua sinia la biriani. Kioo cheusi. Kistari kimoja cheupe kikikonyeza pembeni, basi.

Akazima, akawasha. Cheusi. Akagonga ubavu wa mashine. Cheusi.

"Ami?"

Hapo ndipo palipokuwa na mlango wa kutokea. Neno lenyewe ni dogo, *sijui*, hata mtoto hulitamka. Lilipanda mpaka kooni likakuta miaka thelathini ya stoo imekaa njiani.

"Kadi imeungua," akasema. "Kijana amekuuzia maiti iliyovishwa kanzu."

Sihaba akakaa juu ya kitanda cha kamba. Hakulia, hakufoka. "Ami, unajua kwa nini Najim ananiita shangazi?"

"Adabu."

"Amemposa Hajra, binti wa kaka yangu Husseni. Kaka anatoa jibu Ijumaa. Sasa mtu anayeniuzia mimi kitu kilichokufa, mimi shangazi mtu, huko ndani atatufanyia nini?" Akamtazama. "Umeona kwa macho yako kwamba imeungua?"

"Nimeona," akasema Twalib.

Nyumbani akavaa miwani, akafungua ukurasa wa pili. Maandishi yalikuwa meusi na makubwa, kama ya kumsuta: *Mashine ikiwaka tena itatokea skrini ya buluu, ikuulize kama unairuhusu draiva hii. Kubali, kisha andika neno lako la siri. Una sekunde kumi. Zikipita, mashine itaikataa draiva na haitauliza tena.*

Akasoma mara nne. Mashine ilikuwa imemuuliza, kwa heshima zote, sekunde kumi nzima. Naye alikuwa ameiziba mdomo kwa kanga ya mkewe.

Tangu siku ile akawa anakwenda msikitini kwa njia ya nyuma, kwenye vinyesi vya mbuzi, asipite mlangoni kwa Sihaba. Kwenye kahawa wakamwomba ile ya rada. Akasema kichwa kinamwuma. Wahida akamwekea mkono kwenye paji la uso.

"Unaumwa? Leo siku ya pili hujadanganya mtu."

Alhamisi baada ya Alasiri, Mzee Husseni akabisha hodi. Alikuwa amevaa kanzu ya kutokea, na Twalib alipoiona akajua amekuja kuulizia. Hivyo ndivyo ilivyo: mtu haozeshi binti kabla ya kupita kwa majirani na wanaomjua kijana, akauliza tabia yake, na anayeulizwa ajue kwamba anajibu mbele ya Mungu.

"Bwana Twalib, nimesikia ya kadi. Sikutaka kuyachukua kwa mdomo wa mwanamke mwenye hasira. Wewe ndiye uliyeona. Ni kweli kijana alimpa kitu kibovu?"

Twalib alikuwa na majibu matatu tayari. Umeme. Chumvi ya bahari. Joto. Yote mazuri, na lolote kati ya hayo lingemwacha yeye amesimama na kijana amechubuka kidogo tu. Akayapima yote matatu, na aibu ya kuyapima ikampandisha damu masikioni.

"Twende kwa Sihaba," akasema. "Na kijana mpigie simu aje." Akachukua miwani. Akachukua na kanga.

Najim alifika na vumbi la pikipiki usoni. "Shikamoo, mzee."

Twalib angependelea kutukanwa. "Marahaba," akasema, ikatoka kama kikohozi. Kisha, akitazama mkeka: "Kadi haijaungua. Mimi sikuvaa miwani, sikusoma, nikafunika kioo. Mashine ikauliza, sikuona. Nikakusingizia."

Sihaba akajishika kichwa. "Ami! Mimi jana nimekwenda kibandani kwake nimemtukana mbele ya wateja!"

Hilo Twalib hakulijua. "Alikujibu nini?"

"Alisema, 'Jumamosi nitakuja, shangazi.' Basi."

Najim akakaa kwenye mashine, akaandika mistari kwenye kile kioo cheusi, akasita. "Inataka neno la siri upya. Lile la mwanzo lilikuwa lipi, mzee? Tusibabaike."

"Tia lolote, mwanangu."

"Hapana," akasema Sihaba. "Nilitazama ukuta kwa ajili yake. Lipi?"

Twalib akakunja kanga, akaikunjua. "Hakuna kama Twalib," akasema. "Maneno yameshikana."

Mzee Husseni akageukia mlangoni, mabega yakimtikisika. Najim hakucheka, na hilo ndilo lililouma zaidi. Alihesabu kwa vidole.

"Herufi kumi na sita. Ndio mwisho wake, mzee. Ingezidi moja isingeingia."

Mashine ikazimwa, ikawashwa. Kioo kikiwa wazi, buluu ikaja, namba zikaanza kushuka.

"Soma wewe," Husseni akamwambia.

Twalib akavaa miwani, akasoma kwa sauti kila mstari, kama mtoto wa chuo cha Kurani aliyekosa jana. Najim akabonyeza, akaandika. Picha ikafunguka, na bibi harusi wa watu akatembea moja kwa moja mpaka kwa mumewe bila kukwama.

"Nilikuja kwako kuulizia," akasema Husseni. "Hujanijibu bado."

"Kijana ni mkweli, ana subira, na ana haya. Mwozeshe." Twalib akavua miwani. "Lakini nenda kaulize na kwa mwingine. Ushahidi wangu mimi wiki hii hautoshi."

Husseni akatikisa kichwa kukubali. Akaenda kwa mwingine, na mwingine tena, ndipo Ijumaa akajibu ndiyo.

Jumamosi kwenye kahawa wakamwomba ile ya rada. Twalib akazungusha kikombe, akakohoa.

"Uma ulikuwa wangu," akasema. "Rada aliitengeneza mtu mwingine."