Chumba Kisichopitisha Baridi

Nyumba yetu ya mbao iko kwenye mteremko, chini kidogo ya mtaa wa Muhumba, na kwa miaka ishirini na sita upepo ulipita ndani yake ulivyotaka. Uliingia kati ya mbao, ukatokea chini ya mabati, na moshi wa mbabula, jiko letu la makaa, ukatoka nao. Sikuwahi kuufikiria moshi. Nilifikiria baridi.

Mwanangu Delphin, anayechimba dhahabu Luhwindja, alimtuma mkewe Consolate ajifungulie kwetu. Niliapa kwamba mjukuu wangu wa kwanza hatalala kwenye upepo. Nilikata magodoro kuukuu vipande vipande, nikaziba kila pengo la chumba, nikashindilia sponji juu ya dari na kubandika plastiki nene kwa gundi. Wiki mbili, peke yangu. Fundi mwingine angelipua kazi ile. Mimi sikulipua.

Mtoto akazaliwa, msichana. Kwetu mzazi hulazwa mahali pa joto, mbabula karibu na kitanda, mlango umefungwa, na baba mkwe haingii humo. Nilikaa sebuleni nikiwasikiliza wageni wakitoka.

"Papa Delphin, ile chumba iko moto kama furu ya mikate!" alisema jirani yetu Cibalonza, akijifuta jasho. "Utakuja kunitengenezea yangu siku gani?"

"Uniletee magodoro kwanza, maman."

"Magodoro? Niko na moja tu, na muzee wangu iko juu yake tangu asubui!"

Nilicheka. Nilipenda kusifiwa, siwezi kukataa.

Siku ya nne Consolate alilalamika kuumwa kichwa. Martine, mke wangu, akasema ni uchovu wa kuzaa. Siku ya tano akatapika. Nikasema ni harufu ya gundi, itakwisha. Siku ya sita, mchana, mvua ikinyesha, Martine alitoka chumbani akishika ukuta.

"Mutoto anakataa ziwa," alisema. "Iko analala tu. Namufinya muguu, halii."

"Na Consolate?"

"Vile vile. Na mimi kichwa kinapasuka. Nikitoka inje, kinapoa. Ni hii chumba yako, Papa Delphin."

"Chumba yangu iko na nini?"

"Inatunyima pumuzi."

Katika shule ya jioni ya mafundi, nikiwa kijana, nilifundishwa kwamba makaa yanayowaka mahali palipozibwa hutoa hewa mbaya isiyo na harufu. Nilijua. Lakini nilipokuwa nikipima chumba kile sikuihesabu mbabula, kwa sababu mbabula ni kazi ya wanawake.

"Umutoe mutoto, haraka!"

Aliingia, hakutoka. Nilimwita. Nikasikia kishindo, kama mtu ameanguka.

Nilisimama pale, mkono kwenye komeo, kwa muda ambao hadi leo unanitia haya: mzee wa miaka sabini na tatu, akiogopa kumwona mke wa mwanawe kitandani. Kisha nikaingia.

Nilimtoa mtoto kwanza, nikampa Cibalonza aliyekuja mbio kwa kelele zangu. Nikarudi nikamkokota Martine, halafu Consolate. Mtoto alilegea mikononi mwa Cibalonza kama kitambaa kilicholowa. Alimgeuza, akampuliza usoni, akamsugua mgongo, akamtukana kwa Mashi, lugha yetu. Mwishowe mtoto akalia, kilio kidogo chenye mikwaruzo, na mimi nikakaa chini kwenye matope.

Kituo cha afya kiliwalaza wote watatu siku mbili kwa oksijeni. Waliporudi walinikuta juu ya meza, niking'oa plastiki, sponji zikiniangukia kichwani.

Consolate alisimama kizingitini, mtoto kifuani, macho chini.

"Papa, usiku tutasikia baridi."

"Mutasikia," nikamwambia, nikaendelea kung'oa.