Presha Inapanda, Inashuka

Tangu asubuhi geji ilikuwa inamchezea fundi shere. Pikipiki ikiwa baridi, sindano ya presha ya oili inatulia tuli. Injini ikishapata moto, sindano inapanda, inashuka, inapanda tena. Alishapima oili: imefika kwenye alama. Akabadilisha geji, labda ni mbovu. Wapi! Ikacheza vilevile.

Na pikipiki yenyewe ya nani? Ya nesi wa zahanati, aliyemkosesha usingizi mwaka mzima. Kesho nesi anahamia zahanati ya mbali, mwendo wa siku nzima, na fundi hajawahi kumwambia neno lisilohusu plagi. Mwaka mzima, jamani! Alibakiwa na leo tu.

"Dada!" aliita, mikono imelowa oili hadi kwenye viwiko. Dada yake alikuwa anashona nguo chumba cha pili. "Nipigie simu kwa nesi. Mwambie presha inapanda inashuka, nafungua injini, asije mpaka jioni."

Dada akapiga huku cherehani inanguruma, anapayuka kama anayeita mtu ng'ambo ya mto. "Nesi! Huku kwa fundi presha inapanda, inashuka! Anasema... Haloo? Haloo?"

Simu ilishakatwa.

Fundi hana habari. Akafungua kifuniko cha chini, akachomoa chujio ambalo pampu inanyonyea oili, akaliangalia, akakaa chini puu. Limejaa vipande vya silikoni, ile gundi nyekundu ya kuzibia maungio ya injini. Ukiipaka kidogo, inaziba vizuri. Ukiipaka kama siagi kwenye mkate wa mgeni, inayozidi inamegukia ndani: vipande vikinasa kwenye chujio presha inashuka, vikiachia inapanda. Na injini ile aliifunga yeye mwenyewe, mwezi uliopita.

Kabla hajajua acheke au alie, nesi akaingia mbio, kiatu kimoja mguuni, kingine mkononi.

"Usisimame! Nani kakwambia usimame?" Akamfunga kipimo cha presha kwenye mkono, juu ya oili yote ile, akaanza kupampu. "Mia na sabini! Unatumia dawa gani wewe?"

"Nesi, presha ni ya pikipiki."

Nesi akamtazama, akatazama injini iliyo wazi, akaangua kicheko mpaka akashika ukuta. Fundi naye akacheka, mbavu hana, kichwa kinamzunguka kwa raha. Mtu kavua kiatu akakimbia kwa ajili yake!

"Haya, na huu uchafu?" nesi akauliza, akipangusa machozi na kulinyanyua chujio. "Nani kapaka gundi hivi? Nimkomeshe."

Angeweza kusingizia oili feki. Midomo ilishafunguka kusema hivyo.

"Mimi."

"Wewe? Fundi mzima?"

"Siku ile ulikaa pale kwenye benchi, unasimulia habari za mgonjwa aliyemeza kifungo. Nikawa nakuangalia wewe, mkono unapaka wenyewe." Akapangusa mkono kwenye suruali. "Nakupenda, nesi. Nimechelewa kusema, najua."

Cherehani ikanyamaza ghafla.

"Kwa hiyo ungeniulia injini njiani, kwa mapenzi?"

"Ndiyo. Hapana! Yaani..."

"Wifi, mjibu basi, utaniua mimi!" dada akaropoka kutoka chumba cha pili.

Nesi akafungua kipimo taratibu, akakikunja, akakirudisha mkobani. Fundi alitamani ardhi ipasuke immeze.

"Kule ninakokwenda hakuna fundi," nesi akasema. "Nimeuliza."

"Nitakuja kila mwezi," fundi akadakia. "Kila wiki! Kuangalia oili."

"Wa kuja na kurudi simtaki. Kuna chumba kando ya zahanati, mlango mpana, pikipiki mbili zinaingia. Nimekilipia tangu wiki iliyopita, nangoja ufungue mdomo."