Mshipa Upi?

Chumba chake cha kuchapia kilitazamana na geti la chuo cha afya. Kwa miaka kumi na minane wanafunzi walimletea kazi zao zenye mwandiko wa kuku aliyeparura jivu, naye akawarudishia zikiwa zimenyooka kama shati lililopigwa pasi. Walimwita Vidole. Alichapa bila kutazama kibodi, huku anaitikia salamu, huku anamfokea mtu aliyekalia karatasi za mwenzake. Katika kuchapa kazi za watu aliokota Kiingereza kingi, kile cha vitabuni, pamoja na maneno ya utabibu ambayo aliyajua herufi zake zote na maana yake hata moja hakuijua.

Dada yake alikuwa kinyume chake. Alikuwa mhudumu wa wodi mwaka wa ishirini na mbili, karibu zamu zake zote zikiwa za usiku. Alisukuma machela, aliogesha wagonjwa, aliwageuza wasije wakatoka vidonda vya mgongo. Mwili aliujua kwa mikono. Aliweza kugusa unyayo wa mtu akasema, "Huyu damu haimfiki vizuri huku chini," na daktari akija na vipimo vyake akasema yaleyale, ila kwa maneno marefu zaidi.

Asubuhi moja Dada alipitia kwa Vidole akitoka zamu, hata sare hajavua.

"Mdogo wangu, nimeona kitu," alisema, akamsogezea simu.

Kwenye kioo alikuwepo mzee wa kizungu mwenye sweta lililochakaa viwiko, amesimama mbele ya ubao mweusi, anachora moyo kwa chaki. Chuo kimoja cha mbali kilikuwa kimerekodi mafunzo yake yote ya mwaka na kuyaweka mtandaoni, bure. Huulizwi cheti, huulizwi ada, huulizwi umri. Dada alikuwa na miaka arobaini na sita. Chuo cha hapo ng'ambo ya barabara kilikuwa na mtihani maalumu wa kuingia kwa watumishi wa afya waliokosa vyeti vya sekondari, na ilikuwa imebaki miezi saba.

"Namfuata mkono wake tu," Dada alisema. "Akichora moyo, nauona moyo. Akifungua mdomo, nimempoteza."

Vidole aliuangalia ule uso ulioshinda macho usiku kucha, ukiwa umejaa furaha kama ya mtoto aliyepewa viatu vipya, akaichukua simu akaipekua. Aligundua kuwa tovuti ile ilimruhusu mtu yeyote kuandika tafsiri kwa lugha yake, ikawa inapita chini ya picha mzee anapozungumza. Kiswahili hakikuwepo. Basi akavuta kiti.

Ndivyo walivyoanza. Dada alitoka zamu saa moja, Vidole alifungua kwa wateja saa tatu. Yale masaa mawili katikati yakawa shule. Vidole alitafsiri, Dada alisoma kwa sauti kutoka kwenye kioo cha kompyuta, chai mkononi. Yule mwalimu wakamwita Babu Chaki, kwa mapenzi, maana kila somo lilimkuta na chaki hadi kwenye nyusi.

Walipofika somo la nne Dada aliweka kikombe chini.

"Simamisha hapo. Hapa mshipa unatoa damu moyoni. Pale mshipa unairudisha. Na somo lililopita mshipa ulikuwa unapeleka habari kwenye ubongo. Ni mshipa upi huu wenye ajira tatu?"

"Ndivyo tunavyosema, Dada. Yote ni mishipa."

"Na jirani yetu aliyepasuliwa mshipa mwaka jana, naye walimpasua upi? Ule wa habari?"

Walicheka mpaka mwanafunzi mmoja akachungulia dirishani. Lakini Vidole alipomaliza kufuta machozi aliona kwamba dada yake amegusa penyewe. Alirudi nyuma masomo yote manne. Unaotoka moyoni akauita ateri, unaorudi akauita vena, wa habari akauita neva, na mwanzoni mwa kila somo akaeleza kila mmoja ni upi. Ilimchukua wiki nzima. Alikuwa amechapa maneno hayo mara elfu na zaidi katika kazi za wanafunzi, na leo ndiyo kwanza aliyaona yakitembea ndani ya mtu.

Na Dada alivyojifunza! Hakukariri. Kila alichosikia alikwenda kukitafuta wodini. "Jana nimeiona ile vena ya Babu Chaki," angesema akiingia, "kwenye mguu wa bibi mmoja kitanda cha sita, imevimba kama kamba." Daftari lake lilijaa michoro, na pembeni ya kila mchoro namba ya kitanda. Vidole aliyapitia madaftari ya wanafunzi kwa miaka kumi na minane, hakuwahi kukutana na lililosomwa namna hiyo.

Mwezi wa tano wa shule yao, somo la kumi na moja, Babu Chaki alisema jambo lililomkwaza Vidole. Siku zote alifundisha kuwa ateri hubeba damu yenye hewa safi. Sasa ghafla akasema kwamba ateri iendayo mapafuni hubeba damu isiyo nayo. Vidole aliirudia sentensi ile mara mbili. Wateja walikuwa wameshaanza kugonga mlango. Akajisemea: mzee kapitiwa, nani asiyeteleza ulimi? Akamsahihisha. Akaandika kwamba damu yenye hewa safi ndiyo iendayo mapafuni, akafunga somo, akafungua mlango.

Majuma mawili baadaye alikuta ujumbe kwenye ukurasa wake wa tovuti ile, aliousajili kwa jina la Vidole. *Ndugu Vidole, shikamoo. Mimi ni fundi wa maabara, nafuatilia tafsiri zako na wenzangu saba. Tunakushukuru sana. Ila somo la kumi na moja umegeuza maana. Mzee hakukosea. Damu inakwenda mapafuni kwa sababu imeishiwa hewa, inaifuata huko. Ateri huitwa ateri kwa kuwa inatoka moyoni, si kwa kile ilichobeba.*

Vidole alilifungua lile somo haraka. Aliangalia chini ya somo: watu elfu mbili na mia tatu walikwisha kulitazama. Elfu mbili na mia tatu! Yeye alidhani anamwandikia dada yake.

Asubuhi iliyofuata Dada alimkuta ameinamia meza, kompyuta imezimwa.

"Nafuta yote," Vidole alisema. "Mimi ni mchapaji. Nani alinituma kumsahihisha profesa?"

Dada alisoma ule ujumbe kwenye simu, polepole, kidole kikifuata mistari. Kisha akafungua daftari lake, akamwonyesha ukurasa. Kando ya sentensi ile yenye kosa alikuwa ameweka alama ya kuuliza, kubwa, kwa kalamu nyekundu.

"Mimi nilishangaa," alisema. "Nikajiuliza, damu iliyokwisha kushiba hewa inarudi mapafuni kutafuta nini?"

"Sasa mbona hukuniambia?"

"Nikasema wewe ndiye msomi."

Nje magari yalipiga honi, mtu akaita chenji yake.

"Sikiliza, mdogo wangu," Dada alisema. "Wodini, mtu akimpa mgonjwa dawa siyo, hatufungi hospitali. Anasema palepale, inaandikwa kitabuni, anatia saini, tunarudi kwa mgonjwa. Anayetutisha sisi ni yule anayeficha. Washa hiyo mashine."

Akaiwasha. Alirekebisha sentensi, na juu ya somo akaandika kwa herufi nene: *Toleo la kwanza lilikuwa na kosa langu katika dakika ya ishirini na mbili. Aliyelisoma kabla ya leo alisome tena. Asante kwa aliyelibaini.* Kisha akamwandikia fundi wa maabara, akamwomba awe anapitia kila somo kabla halijatoka. Jibu lilikuja kabla ya saa tatu. Alikubali, na akaja na mwenzake, mwalimu mstaafu wa biolojia, mkali kama pilipili, aliyeanza kazi kwa kumrudishia Vidole kurasa tano zenye makosa ya mkato na nukta.

Kazi ilienda vizuri zaidi, ila polepole zaidi. Mtihani ulipobakiza siku tisa, masomo ya figo yalikuwa bado hayajaguswa. Vidole alichanganyikiwa. Siku hiyo alichelewa kufika kwa sababu ya foleni ya karatasi kwa muuza jumla, na alipofungua mlango alimkuta Dada, aliyekuwa na ufunguo wa akiba, amekwisha kukaa mbele ya kompyuta. Babu Chaki alikuwa akichora figo, akasema kitu, na Dada akacheka.

Vidole alisimama mlangoni na boksi la karatasi kifuani. Somo lile halikuwa na hata neno moja la Kiswahili.

"Umecheka nini?"

"Eti figo ni mlinzi mwaminifu," Dada alisema bila kugeuka. "Anamwaga mkoba mzima chini, kisha anamrudishia mwenye mkoba vilivyo vyake, takataka anazitupa." Ndipo akagundua. Akaweka mkono mdomoni. "Ala! Nimemsikia mwenyewe?"

Boksi likatua chini lenyewe. Miezi sita ya kusoma Kiswahili chini na kusikiliza Kiingereza juu, sikio lilikuwa limefanya kazi yake kimyakimya bila kumwambia mtu.

Siku ya mtihani, shemeji, ambaye ni fundi wa kuchomelea vyuma, alifunga karakana akampeleka mkewe hadi getini, ingawa ni mwendo wa dakika kumi na yeye ndiye aliyekuwa anatetemeka. Dada alitoka mchana, ameparara midomo.

"Vipi moyo?" Vidole aliuliza.

"Moyo wangu unadunda. Wa kwenye mtihani haukuulizwa hata swali moja! Wameuliza figo, wameuliza kuhara, wameuliza kunawa mikono. Kunawa mikono nimejaza kurasa tatu, ndiko nilikozeekea."

Majina yalibandikwa baada ya wiki tano. Walioomba walikuwa mia mbili na kumi, waliochukuliwa thelathini. Dada alikuwa wa kumi na nne. Alisoma jina lake, akalisoma la juu yake na la chini yake kuhakikisha hajakosea mstari, kisha akamwambia Vidole, "Naomba nikae." Wakakaa palepale ukingoni mwa mtaro, wanafunzi wakiwazunguka kupita.

Sasa Dada anavaa koti jeupe, anakaa mstari wa mbele kwa ajili ya macho, na wanafunzi wenye umri wa watoto wake wanamwita Mama. Wiki ya pili kijana mmoja alimnong'oneza, "Mama, usihangaike na kile kitabu kinene. Kuna masomo mtandaoni ya mzee fulani, yametafsiriwa na jamaa anaitwa Vidole. Ni hatari."

"Nimewahi kumsikia," Dada alijibu. "Ni mwanamke."

Vidole alipohadithiwa alicheka sana, kisha akarudi kwenye kioo. Mwalimu mstaafu alikuwa amemwandikia kwamba ini haliwezi kusubiri, na shemeji alikuwa amesimama mlangoni na mafuta hadi kwenye viwiko, anajikuna kichwa, anauliza kama kwenye hiyo mitandao yao hakuna mzee mwingine, yeyote yule, anayefundisha habari za chuma.