Pete ya Mpima Dhahabu

Duka la kwanza walifukuzwa kwa heshima. La pili walifukuzwa bila heshima. Na tuseme ukweli, kosa halikuwa la wenye maduka. Ni mwanaume gani anaingia kununua pete ya uchumba, mchumba wake yuko pembeni amevaa vizuri, halafu anatoa mfukoni jiwe jeusi na kachupa ka asidi, anaanza kusugua pete za watu kama anasugua sufuria? Katika Goma nzima ni Josias peke yake.

"Papa, hapa ni duka, hapana kontwari," yule wa pili alimwambia huku akimpokonya pete. "Ukitaka kupima, enda kupima kwako."

Na kweli kontwari ndiyo ilikuwa kwake. Josias alikuwa mpimaji katika nyumba moja inayonunua dhahabu kwa wachimbaji, na kazi ile ilishamwingia mwilini. Wachimbaji walikuja na vipande vyao ndani ya karatasi ya sigara, wakaapa kwa Mungu na kwa kaburi la mama, na yeye aliwaacha waape huku macho yake yako kwenye mikono yao. Mkono ukikaa umefumbwa karibu na mizani, alisema neno lake moja: "Fungua mukono kidogo." Siku moja tu alimwonea mtu haya, mzee mmoja mwenye rozari shingoni, akasugua kipande chake juu juu bila kukikata. Nje kilikuwa dhahabu, ndani risasi tupu. Bosi wake alimkata mshahara mpaka majirani zake wa mtaa wa Murara wakajua. Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka, na Josias tangu siku hiyo alishtuka hata akiona majani ya chai.

Sasa Jumamosi ilikuwa inakuja mbio. Siku hiyo familia mbili zingekutana Katindo, nyumbani kwa shangazi zake Daniella, na Josias angemvisha pete mbele ya watu wote. Na alikuwa amejifunga kwa mdomo wake mwenyewe. Binti mkubwa wa nyumba ile alivishwa pete, wiki hazijapita nyingi kidole kikageuka kijani, na shangazi wanacheka mpaka leo. Josias aliposikia hadithi hiyo alisimama sebuleni akaapa: yake itakuwa dhahabu mpaka ndani. Kiapo kikubwa, mfuko mdogo. Alimpenda Daniella sana, hilo halina ubishi, na kitu alichokiogopa kuliko vyote ni kuchekwa mbele yake.

"Tuende kwa Mama Victoire, kule Birere," Daniella alisema walipotoka duka la pili. "Anatengenezaka pete vizuri."

Daniella alikuwa fundi wa kushona, anashona magauni ya maharusi wa watu, mtu wa maneno machache na mikono iliyotulia. Alitembea mbele bila kuuliza njia. Alikata kushoto, akapita nyuma ya wauza vitenge, akasimama mbele ya kibanda cha mbao kilichopakwa rangi ya bluu. Josias aliona. Mtu anayeuliza njia ni mgeni; asiyeuliza alishafika.

Mama Victoire alikuwa mwanamke mnene mwenye miwani, mikono yake imejaa alama za moto. Hakuuliza wanatafuta nini. Hakupima kidole cha Daniella kwa uzi wala kwa kitu chochote. Alifungua droo, akatoa kiberiti, na ndani ya kiberiti, juu ya pamba, kulikuwa na pete moja yenye jani dogo limechongwa juu yake.

"Jaribu hii, mutoto wangu."

Ikaingia. Haikubana, haikulegea. Daniella akakitazama kidole chake kikiwa juu ya meza.

"Ni ngapi?" Josias aliuliza.

Mama Victoire akataja bei. Ilikuwa nusu ya bei ya maduka yale mawili, na Josias alijua bei ya dhahabu kama anavyojua jina lake. Loo! Akatoa jiwe. Akasugua, akadondosha asidi, akasubiri ule mstari ulioachwa na pete ufe, kama unavyokufa wa dhahabu bandia. Haukufa. Ulibaki unang'aa juu ya jiwe.

"Pima mpaka ushibe, baba," Mama Victoire akacheka. "Mimi siogope jiwe."

Akalipa, akaitia pete mfukoni akae nayo mpaka Jumamosi. Mtu mwingine angerudi nyumbani akipiga mluzi. Josias alirudi ameinamisha kichwa. Dhahabu ya kweli kwa bei ile? Nani anauza hasara mchana kweupe? Labda nje ni dhahabu na ndani kuna risasi, kama ya yule mzee wa rozari. Labda ni ya wizi. Au labda kuna mwanaume mwingine aliyeagiza pete ile kwa kidole kile kile, akashindwa kuimalizia, na sasa yeye Josias amenunua mabaki ya mwenzake. Maana kidole kilijulikanaje?

Kesho yake alikwenda Katindo. Daniella alikuwa barazani na gauni jeupe mapajani, anashona shanga. Josias alimtazama vizuri, na akaona jambo ambalo hakuliona jana: masikio yalikuwa matupu. Zile herini za marehemu mama yake, alizozivaa kila siku ya Mungu, hazikuwepo.

"Herini ziko wapi?"

"Nilizitoa. Zilikuwa zinaniuma."

"Miaka yote hazikuumaka, zinauma sasa?"

"Josias, masikio ni yangu ao yako?"

"Na kule kwa Mama Victoire, ulishafikaka mbele ya jana?"

Sindano ikasimama kidogo. "Nilipitaka pale," alisema. "Pete si uliipenda?"

Hilo si jibu! Josias alisikia majibu ya namna hiyo kila siku pale kontwari. Mtu ukimuuliza dhahabu imetoka wapi, anakuuliza kama umekula. Alimuaga akaenda zake, na njia nzima alijiambia kwamba kikulacho ki nguoni mwako.

Akaenda moja kwa moja kwa Akonkwa, mwenzake wa kazi, yule anayekata vipande kwa mkasi wa chuma. Akaweka pete mezani.

"Kata."

Akonkwa alidhani ni mchezo. Alipoona uso wa mwenzake akarudi nyuma. "Wewe uko muzima? Hii ni pete ya bibi arusi. Kipande cha muchimbaji tunakata, kwa sababu ni mali. Pete ya muke mutu hakati!"

"Nje haisemi ya ndani. Wewe unajua."

"Ya kusugua umesugua. Inatosha."

"Na yule muzee wa rozari nilisugua pia. Kata, Akonkwa."

Akonkwa akatikisa kichwa akakata. Tak! Pete ikawa vipande viwili juu ya meza. Josias akavichukua, akavisogeza kwenye mwanga wa dirisha, akatazama palipokatwa. Njano. Njano mpaka katikati, safi kuliko hata dhahabu iliyopita mezani kwao mwezi ule. Alifurahi, ndiyo, alifurahi kwa muda wa kumeza mate. Halafu shaka ya pili ikapanda juu ya ile ya kwanza. Kama ni safi hivi, basi ni ya wizi. Kama si ya wizi, ni ya yule mwanaume.

Alimkuta Mama Victoire peke yake kibandani. Alimwaga vipande viwili juu ya kitambaa chake cha kazi.

"Mama, sema ukweli. Hii dahabu ilitoka kwa nani?"

Mama Victoire alivua miwani. Alivitazama vile vipande kwa muda mrefu, na alipoinua uso kicheko kilikuwa kimekwisha.

"Ilitoka kwenye masikio," alisema. "Ni herini za mama yake. Daniella alizileta hapa, akalia, akaniambia niziyeyushe, niongeze kidogo yangu, nikupe kwa bei utaweza. Alisema: Mama, Josias aliapa mbele ya watu, sitaki wamucheke. Alisema tena: iwe dahabu mpaka ndani, maana yeye anapimaka kila kitu, asiogope. Kidole nilipima siku ile."

Josias akakaa juu ya kigoda bila kukaribishwa. Aibu ilimpanda kutoka miguuni. Hakukuwa na mwizi, hakukuwa na mwanaume mwingine. Kulikuwa na msichana aliyeyeyusha ukumbusho wa mama yake ili kuficha umaskini wa Josias.

"Mama, iunge," akasema kwa sauti ndogo. "Iunge alama isionekane. Yeye asijue."

"Kuunga naweza. Kuficha, hapana. Nilificha siri ya kwake kwa sababu ilikuwa ya upendo. Ya kwako sitaficha." Na palepale akachukua simu akampigia Daniella.

Daniella alifika na sindano bado imechomekwa kifuani mwa blauzi. Mama Victoire alimwonyesha kitambaa kwa kidevu. Daniella aliviona vipande, akashika ukingo wa meza. Hakupiga kelele. Afadhali angepiga.

"Uliona nini ndani?"

"Dahabu," Josias alijibu.

"Mpaka katikati?"

"Mpaka katikati. Daniella, nisamehe. Ni kazi yangu inaniharibu. Nilifikiri..."

"Najua ulifikiri nini." Machozi yalikuwa yanamtoka sasa, na hakuyafuta. "Pete itaungwa, Josias. Lakini mimi? Siku nitachelewa kurudi nyumbani, mimi utanikata wapi?"

Alipiga magoti pale pale kwenye vumbi, mwanaume mzima. Akaapa, na safari hii kwa moyo wake wote, kwamba hatapima tena kitu chake chochote, wala neno, wala safari, wala kimya chake. Akatoa lile jiwe mfukoni akamkabidhi Mama Victoire alitupe. Daniella alikuwa anampenda, mtu haui upendo kwa siku moja. Akavuta pumzi, akamgeukia Mama Victoire.

"Iunge, mama. Jumamosi iko karibu."

Josias akafuta macho. Akasimama nyuma ya bega la Daniella, na mkono wake ukakubaliwa pale begani. Mama Victoire akawasha moto. Akapiga tupa kidogo kwenye ncha za pete ili zikutane vizuri, na unga mwembamba wa njano ukaanguka juu ya kitambaa. Akaukusanya kwa kidole, akauzoa kiganjani ili aurudishe kwenye maungio. Moto ukavuma, jicho likamwasha, akafumba kiganja, akapeleka mkono kwenye aproni yake ashike pindo ajifute jicho.

"Mama," Josias alisema, "fungua mukono kidogo."

Alisema hivyo hata kabla hajajua kwamba amefungua mdomo. Mama Victoire akageuka polepole. Akafungua kiganja: unga wote ulikuwa pale, umeng'ang'ania jasho. Akafungua na kingine, akakigeuza nje na ndani, akamwonyesha.

Daniella akautoa mkono wa Josias begani mwake.

"Zima moto, mama," alisema.

Akavichukua vipande viwili vilivyokuwa bado na joto, akavifunga kwenye ncha ya kitenge chake pamoja na ule unga, akatoka. Mama Victoire akazima moto.