Siku Aliyoacha Kupisha

Mimi ni mama yake mdogo, na nitasema wazi: siku ile nusura niruke uzio nikamzabe kofi mbele ya kocha.

Ilikuwa mechi ya mwisho ya majaribio, wasichana wageni dhidi ya timu ya wakubwa. Binti yetu akicheza vizuri, anasajiliwa. Akivurunda, anarudi kufua mashuka ya hoteli pamoja na mama yake na mimi. Alipangwa kumkaba nahodha, mwanamke wa miaka thelathini na kitu waliyemwita Chuma, na jina lilimkaa. Kila Chuma alipokuja na mpira, binti yetu alimpisha. Alimpisha jamani! Alisogea pembeni kama anayempisha mgeni mlangoni. Mabao mawili yakaingia hivyo hivyo.

"Unafanya nini wewe?" nilimfokea wakati wa mapumziko, alipokuja kwenye uzio kunywa maji.

"Mama mdogo, yule ni mkubwa wangu," akasema kwa sauti ya chini. "Nitamnyang'anyaje?"

"Uwanjani hakuna shikamoo!"

Dada yangu, mama yake, alikuwa kando yangu. Nilidhani anafurahia adabu ya mwanawe. Kumbe machozi yanamlengalenga.

"Usimgombeze, kosa ni langu," akaniambia. "Tulipohamia hapa nilimfundisha apishe kila mtu. Kwenye ngazi, dukani, shuleni. Niliogopa wakituona wakorofi watatufukuza." Akapenyeza vidole kwenye matundu ya uzio, akamgusa mwanawe. "Basi, mwanangu. Imetosha. Mnyang'anye mpira."

"Na Chuma akianguka?" binti akauliza.

"Atainuka. Si ana miguu?"

Loo! Kipindi cha pili Chuma alikuja na mbwembwe zake, binti akasimama palepale, akauchomoa mpira bila kumgusa hata soksi. Chuma akabaki anazunguka anautafuta. Nilipiga yowe hadi koo likakauka. Ikatoka pasi, likaingia moja. Akapokonya tena, safari hii akaenda mwenyewe, akafunga la pili. La tatu, lake pia, sikuliona vizuri. Nilikuwa nimemkumbatia baba mmoja nisiyemjua, naye maskini anahema.

Filimbi ya mwisho ilipolia, Chuma mwenyewe, matope hadi kwenye nyusi, alimshika binti mkono akampeleka kwa kocha.

"Huyu msajili leo leo," akasema. "Sitaki kukutana naye tena akiwa upande wa pili."

Kocha akacheka. "Jumatatu njoo uchukue jezi yako," akamwambia binti. Mimi nililia kama mtoto, wala sioni haya kusema.

Dada yangu alishuka hadi kwenye mlango wa vyumba vya kubadilishia nguo, akasimama katikati kabisa. Watu walikuwa wanatoka, kila mmoja samahani mama, samahani mama. Nikamvuta mkono asogee. Wapi!

"Piteni pembeni," akawaambia, kifua mbele. "Namngoja mchezaji wenu."