Sauti ya Pili Iliyoliwa na Mchwa

Mchwa wa kijijini kwetu Keza hawachagui. Wamekula nguzo za banda langu la mbuzi, wamekula kiti cha marehemu baba, na mwaka aliofariki Padre wetu mzungu wakala kitabu chake cha sauti ya pili. Nasema walikila, sisemi walikionja pembeni. Tulipofungua sanduku la mbao katika stoo ya katekista, kitabu cha sauti ya kwanza kilikuwepo, cha tatu kilikuwepo, cha nne kilikuwepo. Cha pili, kilicholala chini kabisa, kilibaki jalada na udongo.

Padre alikuwa na nyimbo za kale za kwao Ulaya. Nyingine zina miaka elfu, huimbwa kwa sauti moja, polepole, bila kinanda. Nyingine zina miaka mia tano na zina sauti nne. Alituandikia kwa mkono, kwa do re mi, na kila sauti akaipa kitabu chake, kwa sababu ndivyo walivyofanya watu wa zamani. Hakuna mwenye wimbo mzima. Mkitaka kuusikia, sharti mkutane wote wanne. Nilipokuwa msichana niliona ni utaratibu wa kijinga. Siku hizi naona aliyeubuni aliwajua binadamu.

Tulikuwa wanne. Mwalimu Bonaventura, mstaafu wa shule ya msingi, ndiye kiongozi na sauti ya nne. Danstan, fundi seremala, sauti ya tatu. Suzan, mke wa kaka yangu, sauti ya kwanza. Shamba lake na langu yanapakana, katikati upo mstari wa mikahawa tu. Na mimi Marsiana, mkulima, darasa la saba, sauti ya pili isiyo na kitabu. Nyimbo nyingi nilikuwa nazo kichwani tangu zamani, na kwa hizo tulitengeneza programu yetu ya tamasha: kwanza zile za miaka elfu, halafu wimbo wa mahujaji wa sauti mbili, Danstan akigonga kigoma kidogo, halafu nyimbo fupi za Noeli. Tuliipeleka Murukulazo, tukaipeleka hadi Nyabusozi kule Biharamulo. Huko mzee Maduhu, Msukuma mwenye ng'ombe wengi, alitusikiliza saa nzima bila kukohoa. Tulipoinama kushukuru akauliza kwa adabu kabisa, "Mmefanya vizuri. Sasa ngoma yenyewe inaanza saa ngapi?"

Lakini wimbo mkubwa, ule wa Bikira Maria wa sauti nne, haukuwahi kuingia kwenye programu. Padre aliunakili ujanani katika monasteri moja, na mtunzi wake hakujulikana. Padre alifariki kabla hajatufundisha. Mwalimu aliutafuta kwenye simu mpaka bando likaisha, akawaandikia mapadre watatu, na hakuna aliyeujua. Sauti ya pili ilikuwa tumboni mwa mchwa.

Nikasema nitaitafuta. Walicheka, hata mimi nilicheka kidogo.

Kila Jumamosi mchana walikuwa wanaimba zile sauti tatu, mimi nakaa kwenye benchi nasikiliza mahali palipoachwa wazi. Narudi nyumbani nazo kichwani, nalima nazo, najaribu hiki na kile. Jumamosi inayofuata naleta mstari mmoja au miwili kwenye daftari. Wanaimba, natia wangu. Ukigombana na wenzake, Danstan anakunja uso kama mtu anayeumwa jino, nami nafuta. Nilifuta mpaka karatasi zikatoboka. Nikajifunza mambo ambayo hakuna aliyenifundisha: Suzan akipanda, afadhali mimi nishuke, wenzangu wakisimama, mimi nitembee. Mwanzo ulikuwa wazi. Suzan anaanza peke yake, mapigo manne, kisha naingia mimi na maneno yaleyale kutoka chini. Kazi ilikuwa katikati. Kulikuwa na mahali ambapo vitabu vyote vitatu viliandika kimya, mapigo matatu. Maana yake hapo sauti ya pili ilikuwa inasimama peke yake mbele ya watu. Mapigo hayo matatu yalinichukua masika yote. Siku nilipoyaimba, Mwalimu alivua miwani.

"Hapo," akasema. "Hapo usiguse tena, Marsiana."

Ilichukua miaka miwili. Siku tulipouimba wote bila kusimama, Suzan alilia, akanishika shingo. "Wifi," akaniambia sikioni, "hukujaliwa kuzaa, lakini leo umezaa." Mwingine angelisema hilo ningelimpiga. Kwa Suzan sikukasirika, maana ndivyo nilivyojisikia hasa, na nilifurahi kwamba ni yeye aliyeona.

Ndipo zikaja habari kwamba Padre Fideli, anayekusanya nyimbo za kuchapwa kitabuni, atahudhuria tamasha kanisani Biharamulo mjini. Wimbo atakaoupenda utachapwa, na majina ya waliohusika yatachapwa chini yake. Nilimfuata Mwalimu nyumbani kwake. Sikuzunguka.

"Mwalimu, utaniandika?"

"Nitakuandika kwa herufi kubwa," akasema.

Sioni haya kusema kwamba nililitaka jina hilo. Jina langu lipo kwenye cheti cha ubatizo na kwenye kadi ya kupigia kura, basi. Sina mtoto wa kulibeba. Niliwaza kitabu kikiwekwa mahali pasipo na mchwa, na mtu nisiyemjua, miaka mia ijayo, akisoma: Marsiana wa Keza.

Suzan alitangulia Biharamulo siku mbili, na karatasi ya Mwalimu, kuchapisha vijitabu vya programu kwenye steshenari. Sisi tulifuata kwa pikipiki. Nilivikuta vimepangwa juu ya meza ya sakristia, vizuri, vyenye picha ya Bikira Maria mbele. Nikafungua ukurasa wa mwisho na kusoma. "Wimbo wa Bikira Maria, sauti nne. Sauti ya pili, iliyopotea, imerudishwa na Mwalimu Bonaventura." Na chini yake: "Waimbaji: Bonaventura, Danstan, Suzan na wenzao."

Wenzao nilikuwa mimi. Nilisoma mara tatu, nikidhani labda nimeruka mstari.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, Marsiana."

"Hapa pameandikwa nini?"

Alichukua kijitabu akakisoma taratibu, kana kwamba kimeandikwa na mwingine. "Marsiana, elewa. Padre Fideli akiona jina la mkulima asiye na cheti chochote cha muziki atauliza maswali. Wimbo utakataliwa. Nimefanya kwa faida ya kikundi."

"Na kuniuliza kulikushinda?"

"Nilimwuliza Suzan."

Danstan alikuwa anakaza kigoma ambacho tayari kilikuwa kimekazwa. Suzan alikunja kitenge chake, akakikunjua, akakikunja tena.

"Nilisema hutajali, wifi," akasema. "Nilisema wewe si mtu wa majina. Na Mwalimu ameahidi kumsemea Yuster apate nafasi katika shule ya masista."

Yuster ni binti yake. Nimemlea mimi nusu ya maisha yake, nimembeba mgongoni kwenye shamba hilohilo. Angeniambia tu ukweli, ningelitoa jina langu, na mbuzi juu. Hilo ndilo lililoniuma. Mwalimu nilimkasirikia, na hasira ina mwisho wake. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na Mwalimu alishasifiwa sana. Lakini Suzan alijua. Alikuwepo kila Jumamosi. Alijua ni nini anachotoa, kwa sababu ni yeye aliyekiita mtoto wangu siku ile aliponishika shingo. Kikulacho ki nguoni mwako, wanasema, na mimi nguo hiyo nilikuwa nimeivaa miaka ishirini.

Nilichukua daftari langu. Kengele ilipigwa, tukatoka.

Kanisa lilijaa. Tuliimba zile za miaka elfu, na niliziimba vizuri, kwa sababu sikuwa na ugomvi nazo. Tuliimba wimbo wa mahujaji. Tuliimba Noeli. Kisha Mwalimu akatangaza wimbo wa Bikira Maria, akasoma maneno ya kijitabu, na jina lake akalisoma kwa sauti ya chini kidogo. Nilifungua daftari langu.

Suzan akaanza. Moja, mbili, tatu, nne.

Sikuingia. Nilishika daftari wazi mbele ya kifua, macho kwenye maandishi, mdomo nimeufunga. Suzan alinitupia jicho na sauti ikamtetemeka, lakini akaendelea. Danstan akaingia pa kuingia. Mwalimu akaingia, akishuka taratibu kama anayeshuka ngazi asiyoiona. Arudishe basi, nilijiambia. Si amerudisha yeye?

Tukafika kwenye yale mapigo matatu. Wote wakanyamaza, kama vitabu vyao vilivyosema, na kanisa zima likawa kimya. Niliisikia sauti yangu kichwani, kila noti, kazi ya masika yote. Nikatazama watu. Walikuwa wameinamisha vichwa. Mama mmoja karibu na nguzo alifanya ishara ya msalaba. Walidhani ni wakati wa kusali.

Wimbo uliisha, na watu wakapiga makofi. Walipiga kuliko walivyopiga nyimbo nyingine zote. Nilikuwa nimeamini kwamba watasikia shimo. Nilikuwa nimeamini kwamba bila mimi wimbo utaanguka, na kila mtu atageuka kuuliza aliyekosekana ni nani. Hakuna aliyegeuka. Usaliti wa pili siku hiyo nilijifanyia mwenyewe, kwa kuwategemea wageni wajue kile ambacho wifi yangu alikuwa amekiuza.

Padre Fideli akasimama kutoa neno. Wanasema alisoma muziki ng'ambo miaka saba. Aliinua kijitabu juu.

"Nimeguswa hasa na hii sauti ya pili," akasema. "Imerudishwa kwa unyenyekevu mkubwa. Karibu huisikii."

"Asante sana, Padre," akasema Mwalimu, na akainama.

Danstan alikohoa. Mimi nilicheka, peke yangu, mbele ya altare, na nilipofuta uso nikakuta kwamba nalia.

Nje, Mwalimu alinifuata penye pikipiki. "Padre ameupenda. Anataka kunakili sauti zote nne leo hii. Nipe daftari."

"Si umeirudisha wewe, Mwalimu? Mwandikie."

Alinyoosha mkono, akauacha hapo. "Usiue wimbo kwa ajili ya jina, Marsiana."

Neno hilo liliniingia, sitasema uongo. Nimelifikiria siku nyingi. Lakini siku ile nilifunga daftari ndani ya kanga na kumwambia mwenye pikipiki twende.

Nimesikia kwamba wimbo utachapwa kwa sauti tatu, na maneno ni yaleyale: sauti ya pili imerudishwa. Mwalimu hajapita kwangu. Danstan alinitengenezea mguu wa meza bila kuombwa, akaondoka bila kunitazama. Yuster amepata nafasi. Nilimshonea sare, maana mtoto hana kosa.

Daftari liko ndani ya debe la bati, juu ya matofali. Mara nyingine nauimba peke yangu nikipalilia, na nimegundua jambo ambalo ningepaswa kulijua: sauti ya pili peke yake si wimbo. Inapanda kidogo, inasubiri, inashuka kwa sababu za watu wengine. Mtu akipita njiani atadhani ninatafuta kitu kilichopotea.

Wiki iliyopita nilikuwa kwenye maharage, Suzan upande wa pili wa mikahawa. Tangu Biharamulo hatujasemeshana zaidi ya salamu. Nilisikia jembe lake, kisha jembe likanyamaza. Akaanza kuimba, chinichini, sauti ya kwanza, wimbo wa Bikira Maria. Alijua namsikia. Mdomo wangu ulifunguka wenyewe.

Moja, mbili, tatu, nne. Nikaufunga.

Akaendelea peke yake mpaka katikati, pale penye kimya. Hapo akanyamaza, akasubiri. Mapigo matatu yalipita, yakapita mengine matatu, na bado hakuendelea. Aliniachia mahali pangu, wazi, kama palivyo.

Nikang'oa gugu, nikahamia mstari mwingine wa maharage.