Droo ya Siku Saba

Magazeti yanamsifia kaka yangu: tajiri aliyeanzia chini, mwenye hisa kwenye viwanda vitatu, mlezi wa wagonjwa wasio na uwezo. Yote kweli, sibishi. Mimi ni katibu wake mwaka wa kumi na tisa huu, basi niacheni nami niseme langu.

Kuna droo. Ujanani alitia saini mkataba wa shamba papo hapo, akalizwa mchana kweupe. Tangu hapo hakuna karatasi wala senti inayotoka kwake kabla ombi halijalala siku saba kwenye droo ya kushoto. Ofisini wakambatiza Mzee Siku Saba, naye hucheka tu, maana droo hiyo imemwepusha na matapeli chungu nzima.

Na mtaji wa kwanza alipewa na nani? Na kaka yetu mkubwa, fundi nguo. Aliuza cherehani yake, akamkabidhi pesa siku ileile aliyoombwa. Hakumuuliza hata za nini.

Jumatatu moja kaka mkubwa akalazwa, moyo. Hospitali ikataka barua ya dhamana ndipo wampasue, na gharama yenyewe mshahara wangu usingeifikia hata nikiukusanya miaka. Niliichapa barua, nikaiweka mezani. Mzee akaisoma mara mbili, machozi yakamlengalenga, kisha akavuta droo. Nikamwambia huyo si mkataba, ni kaka yetu. Nikamkumbusha cherehani. Nikampigia magoti, mtu mzima mimi.

"Mdogo wangu," akasema, "kuna wajane wamesubiri siku saba kwangu. Nikiwaruka kwa ajili ya ndugu, na mimi ni tapeli."

Na kinachoniudhi mpaka leo ni kwamba alimaanisha. Kila jioni alikwenda kukaa naye, akamlisha uji kwa kijiko, akamhesabia siku zilizobaki. Mgonjwa mwenyewe ndiye aliyekuwa akimtetea, akiniambia nimwache, ndivyo alivyo tangu utoto.

Ijumaa mchana kaka mkubwa akakata roho. Tukamzika kesho yake.

Jumatatu saa mbili kamili Mzee akaingia ofisini, akafungua droo, akatoa ile barua, akaitia saini. Akanipa bila kuniangalia usoni, akasema niipeleke. Sikumuuliza niipeleke wapi. Nilitoka nayo, nikakaa ngazini nikalia mpaka mfagizi akaniletea maji.

Lakini nisimtupie lawama zote peke yake. Barua za shukrani, kadi za pole, miaka yote hiyo nazitia saini yake kwa mkono wangu, na hata yeye hajui ipi katia yeye na ipi nimetia mimi. Ufunguo wa droo ninao. Siku zote zile kalamu ilikuwa mkobani mwangu.

Niliogopa kufukuzwa kazi.